Kifundo cha Mguu cha Talos: Alama Tano Zilizosawazisha Mchuano

Kazi yangu ni kutunga maswali ya chemshabongo za wanafunzi wa vyuo vikuu hapa Uingereza, na fani niliyoisomea ni fasihi ya Kigiriki ya kale. Kwa hiyo kila panapohitajika maswali ya visasili, yaani hadithi za miungu na mashujaa wa Wagiriki, kazi hiyo huangukia mezani kwangu. Wiki chache zilizopita nilikaa ukumbini nikazitazama timu mbili zikichuana kwa maswali yangu mwenyewe hadi zikatoka sare, na tangu usiku ule nimekuwa nikiyapitia upya neno kwa neno.

Mashindano yetu hufuata kanuni za University Challenge, kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1962 kikiongozwa na Bamber Gascoigne, ambacho chenyewe kilichukua mfano wa College Bowl ya Marekani. Kila timu ina wachezaji wanne. Swali la kufungulia lina alama 10, na mchezaji hulijibu peke yake, bila kunong'onezana na wenzake, baada ya kuwahi kubonyeza kitufe. Akipata, timu yake hupewa maswali matatu ya nyongeza yenye alama 5 kila moja, na hapo huruhusiwa kushauriana kabla nahodha hajatoa jibu. Anayemkatiza msomaji kabla swali halijaisha, kisha akakosea, huikatia timu yake alama 5, na wapinzani husomewa swali lote hadi mwisho. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayomfanya mtunzi apime kila neno, kwa sababu mahali anapoiweka dalili fulani ndipo anapomkaribisha mtu abonyeze kitufe.

Zilikuwa zimebaki dakika zipatazo nne, na timu iliyoketi kushoto ilikuwa ikiongoza kwa 145 dhidi ya 130 za wenzao wa kulia. Msomaji akaanza swali la kufungulia: "Mfalme mmoja, asitake kumuua kijana huyu kwa mkono wake mwenyewe, alimtuma mbali akitumaini kwamba hatarudi..." Kitufe kikalia upande wa kushoto. Msichana aliyekuwa mwisho wa meza alijibu bila kusita: "Perseus."

Jibu lile halikuwa la kubahatisha ovyo. Polydectes kweli alimtuma Perseus akalete kichwa cha Medusa kwa matumaini hayohayo. Ila Pelias naye alimtuma Jason kufuata ngozi ya dhahabu, Eurystheus akamtuma Heracles kazi baada ya kazi, na Proetus akamtuma Bellerophon. Kisasili cha Kigiriki kina mfalme mwoga wa namna hii karibu katika kila mji, na kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza ilikuwa mlango wenye vyumba vinne nyuma yake. Anayejua kisa kimoja huona chumba kimoja tu, naye huingia mbio. Anayevijua vyote vinne hungoja dalili inayofuata. Nilikusudia hivyo, na sijutii.

Kushoto wakashuka hadi 140. Swali likaendelea kusomwa kwa upande wa pili: kijana huyo alikabidhiwa ubao uliokunjwa, wenye ishara za mauti, aupeleke kwa mfalme wa Lycia, ambaye baada ya kuusoma alimwamuru akamuue zimwi aitwaye Chimaera. Hapo vyumba vitatu vimefungwa. Kisa hiki kimo katika kitabu cha sita cha Iliad, utenzi wa Homer, kikisimuliwa na Glaucus, mjukuu wa shujaa mwenyewe, na ndipo mahali pekee ambapo mshairi huyo anataja kitu kinachofanana na maandishi. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Uria, aliyebeba kwa mikono yake barua ya kifo chake kutoka kwa Daudi kwenda kwa Yoabu. Timu ya kulia ikajibu "Bellerophon", na ubao wa alama ukaonyesha 140 kwa 140.

Maswali yao matatu ya nyongeza yalihusu watu ambao uhai au nguvu zao zilitegemea kitu kimoja. Niliyatunga nikiwa na Liongo moyoni, shujaa wetu wa pwani ambaye hakuna silaha iliyomwingia isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Wagiriki wanao wengi wa aina yake. La kwanza lilikuwa Meleager, ambaye siku zake zilihesabiwa kwa kigogo cha mti kilichokuwa motoni siku alipozaliwa. Mama yake, Althaea, alikitoa akakificha, na miaka mingi baadaye, kwa uchungu wa ndugu zake waliouawa na mwanawe, akakirudisha motoni. Wakapata alama 5.

La pili liliuliza jina la binti aliyekata unywele wa zambarau wa baba yake, Nisus, mfalme wa Megara, akaumaliza ufalme wake. Hapa niliandika wazi "kwa mujibu wa Ovid", na naona ni lazima kueleza sababu. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, Scylla anaukata kwa kumpenda Minos, mfalme wa Krete, aliyeuzingira mji. Kwa Aeschylus, katika mchezo ulioonyeshwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, anashawishiwa na Minos kwa mkufu wa dhahabu. Kisasili hakina nakala moja iliyopigwa muhuri. Kila mshairi alikichukua akakitumia kwa haja yake, na mtunzi wa maswali anayesema "katika visasili vya Kigiriki" bila kumtaja msimulizi anamnyima haki mwanafunzi aliyesoma kwa makini zaidi. Nimeona maswali ya watu wengine yakichukulia kisigino cha Achilles, mahali pekee alipoweza kujeruhiwa, kuwa habari ya Homer, ilhali hakimo kabisa katika Iliad. Maandishi ya zamani zaidi tuliyo nayo yanayosimulia Thetis, mama yake, akimchovya katika maji ya Styx, mto wa kuzimu, ni ya Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Ushahidi wa namna hii ukipuuzwa, anayeadhibiwa ni yule anayejua. Timu ya kulia walijibu "Scylla" sawasawa, wakafika 150.

Swali la tatu ndilo linaloniumiza. Nililiandika hivi: "Udhaifu wake ulikuwa kwenye kifundo cha mguu, ambapo ngozi nyembamba ilifunika mshipa wa uhai wake. Katika utenzi wa Apollonius, ni nani huyu aliyelinda kisiwa cha Krete?" Nilikuwa nimekaa safu ya pili, karibu kiasi cha kuona midomo yao. Maneno "kifundo cha mguu" yaliposomwa, vichwa vitatu vilimgeukia nahodha pamoja, na midomo yote mitatu ikasema Achilles. Mvulana wa nne, mwenye miwani, alikuwa bado anasikiliza. Aliposikia Krete aliinama, akagusa mkono wa jirani yake, akasema "Talos", kisha akasema tena. Nahodha alimtazama, akawatazama wale watatu, akasema "Achilles".

Jibu lilikuwa Talos, jitu la shaba lililozunguka Krete mara tatu kila siku likirusha miamba kwa meli, hadi Medea, mwanamke mchawi, alipolipumbaza kwa macho yake likajikwaruza kifundo kwenye jiwe lenye ncha, na uhai wake ukamwagika kama madini ya risasi yaliyoyeyuka.

Hasara ilikuwa alama 5 tu, lakini zingewafikisha 155, na swali la kufungulia lililofuata, la jiografia, ambalo kushoto walilipata muda mfupi kabla ya kengele ya mwisho, lisingetosha kuwasawazisha. Badala yake ubao ulisomeka 150 kwa 150, na kengele ikakatiza maswali ya nyongeza.

Sare huamuliwa kwa swali moja la kufungulia: anayelipata ameshinda, na anayekatiza akakosea ameshindwa papo hapo. Kwa hiyo ukumbi mzima ulinyamaza, na hakuna aliyethubutu kugusa kitufe mapema. Swali lilianza hivi: "Binti wa Tantalus, aliyejigamba kwamba amemshinda Leto kwa wingi wa watoto, ndiye asili ya jina la elementi gani ya kemia, yenye namba atomia 41?" Nilimwona yule msichana wa kushoto aliyesema Perseus akiinuka kidogo kitini. Alimjua Niobe tangu neno la tatu, lakini alichotakiwa kutaja ni elementi, na hapo mkono wake ukasimama hewani. Aliyebonyeza alikuwa mwanakemia wa timu ya kulia: "Niobiamu." Heinrich Rose aliipa elementi hiyo jina mwaka 1844 kwa sababu hupatikana pamoja na tantalamu katika madini yaleyale, binti kando ya baba yake. Mchuano ukaisha 160 kwa 150.

Swali lile naliona la haki, kwa kuwa lilihitaji elimu mbili zikutane kichwani mwa mtu mmoja. La Talos sivyo. Dalili iliyotangulia ilimwelekeza kila msikilizaji kwa Achilles, na nyongeza haina kukatiza wala adhabu ya kumzuia mtu asikimbilie jibu la kwanza. Wale watatu walikwisha kukubaliana kabla Krete haijatajwa. Hata sauti ya yule mvulana ilizama kwa sababu nilimpa dalili yake wakati wenzake walikwisha kufunga shauri. Siku ya pili yake nilifungua faili nikaligeuza. Sasa linaanza na kisiwa na mizunguko mitatu ya kila siku, kisha miamba inayorushwa kwa Argo, meli ya Jason, kisha shaba. Kifundo cha mguu kimekwenda mwisho kabisa, baada ya jina la Medea.