Mwani wa Kula: Aina na Kiasi Ndivyo Huamua Faida au Madhara

Wananchi wengi hutuuliza iwapo mwani ni chakula bora. Jibu hutegemea mwani upi, kwa kuwa walaji huweka katika kapu moja viumbe wasiofanana hata kidogo, kuanzia mwani wa baharini wa rangi ya kahawia wenye urefu wa mita kadhaa hadi spirulina, ambayo kwa hakika ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Faida zipo. Mwani wa baharini una nyuzinyuzi nyingi, kalori chache na madini ya aina mbalimbali. Hata mafuta ya omega-3 tunayoyasifu katika samaki huanzia kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na leo mafuta hayo hukamuliwa moja kwa moja kutoka kwake kwa ajili ya wasiokula samaki.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni iodini, yaani madini joto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Gramu moja ya nori iliyokaushwa, ule mwani mwembamba wa kuviringia wali, kwa kawaida huwa na makumi machache ya maikrogramu, ilhali gramu moja tu ya kombu, mwani mnene wa kahawia, inaweza kupita 2,000. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima ni 600 kwa siku Ulaya na 1,100 Marekani, hivyo kipande kidogo cha kombu chaweza kuvuka vyote viwili.

Iodini inapozidi ghafla, tezi ya shingo husimamisha kwa muda utengenezaji wa homoni zake. Kwa watu wengi hali hiyo hujirekebisha baada ya siku chache, lakini wenye maradhi ya tezi, watoto walio tumboni na watoto wachanga huweza kushindwa kujirekebisha, na ndiyo maana rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, hutokana na upungufu wa iodini na pia huweza kutokana na ziada yake. Nchini Australia, mwaka 2009, maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yaliondolewa sokoni baada ya kugundulika kuwa na iodini kupita kiasi. Kuchemsha kombu hupunguza sana iodini, ila kwa sharti kwamba maji yake yamwagwe. Anayeyageuza kuwa supu anainywa iodini ileile.

Hijiki ni suala jingine. Mwani huu mweusi hubeba aseniki isokaboni, aina ya aseniki yenye sumu kali ambayo husababisha saratani, na mwaka 2004 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliwashauri wananchi wasiule. Kuuloweka hupunguza sumu hiyo bila kuimaliza. Aina nyingine nyingi hubeba aseniki katika maumbo yenye sumu ndogo zaidi, kwa hiyo tahadhari hii isigeuzwe kuwa hofu ya mwani wote.

Kuhusu spirulina, matangazo yametia chumvi. Ni kweli kwamba takriban asilimia 60 ya unga wake ni protini, lakini kijiko kimoja cha gramu 7 hutoa kama gramu 4 tu, pungufu ya yai moja. Vitamini B12 inayotajwa kwenye vifungashio vyake kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia, na asiyekula nyama, mayai wala maziwa asiitegemee. Bidhaa zinazovunwa katika ziwa la wazi, badala ya mabwawa yanayosimamiwa, huweza kuchanganyika na bakteria wanaotoa mikrosistini, sumu inayoharibu ini ambayo haiondoki kwa kuchemshwa.

Tunashauri mnunuzi asichukue bidhaa isiyotaja aina ya mwani na mahali ulikovunwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amweleze daktari kabla ya kuanza kula mwani mara kwa mara, kwa kuwa baadhi una vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mama aliyejifungua asinywe supu ya mwani wa kahawia kila siku kwa nia ya kuongeza maziwa, kwani iodini hupita katika maziwa hayo hadi kwa mtoto. Ikiwa ameshaizoea, aiache na kumweleza daktari ili mtoto apimwe homoni za tezi.