Fronti baridi juu ya maji ya joto: baridi hufia njiani, upepo hufika

Mabaharia huniuliza mara kwa mara kama fronti baridi inaweza kufika kwenye maji ya nyuzi 27. Huwa nawajibu kwamba baridi yenyewe haitafika, ila upepo na mawimbi yatafika. Wengi hawalipendi jibu hilo, kwa sababu wamezoea kuitambua fronti kwa ubaridi na mvua. Kwenye bahari ya tropiki hizo ndizo dalili za kutegemewa kidogo kabisa.

Fronti ni mpaka kati ya hewa mbili zisizofanana. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo hujipenyeza chini ya ile ya joto na kuinyanyua, na mawingu hujipanga kwenye mpaka huo. Wataalamu wa Bergen, Norwei, akiwemo Jacob Bjerknes, ndio waliouweka mchoro huu sawasawa kuanzia mwaka 1919. Lakini walikuwa wakiitazama bahari yao, na maji yao ni baridi. Ukiuchukua mchoro ule kama ulivyo ukaupeleka tropiki, utapotea.

Tuseme hewa ya nyuzi 8 imetoka bara la Amerika Kaskazini na kuingia Ghuba ya Mexico juu ya maji ya nyuzi 24. Mara moja inaanza kupashwa joto kutoka chini na kujazwa mvuke. Picha ya setilaiti huonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Karibu na pwani anga ni tupu. Kisha, mbali kidogo na nchi kavu, huanza vijistari vyeupe vya mawingu vinavyofuata uelekeo wa upepo, vyembamba kama uzi, na kadiri vinavyokwenda kusini ndivyo vinavyonenepa. Kwenye kila mstari hewa iliyopata joto inapanda, na kwenye kila mwanya hewa ya juu inashuka. Hiyo inayoshuka haiji mikono mitupu, bali huja na mbio za upepo wa juu na kuzimwaga usoni mwa maji. Ndiyo maana upepo wa nyuma ya fronti, juu ya maji ya joto, huja kwa vishindo badala ya kuvuma kwa utulivu.

Mbele ya fronti mambo ni kinyume. Hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi ya kina kifupi karibu na pwani, hulala na kutulia. Upepo wa chini hupungua, na mara nyingi ukungu hutanda. Nahodha akiutazama ukungu huo anaweza kuamini kwamba siku ni shwari, kumbe saa chache tu baadaye upepo utageuka kaskazini na kupanda hadi noti 30, yaani maili 30 za bahari kwa saa.

Baada ya siku moja au mbili juu ya maji ya joto, kipimajoto hakina tena la kusema. Pande mbili za fronti zinakaribia kulingana. Hapo ndipo chati nyingi huifuta fronti, na baadhi ya watu hudhani habari imekwisha. Mimi huangalia vitu viwili. Cha kwanza ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka maji: joto la hewa likishuka nyuzi 2 tu, kiwango cha umande chaweza kushuka nyuzi 6 au zaidi, kwa sababu hewa ngeni huchelewa kushiba mvuke. Cha pili ni upepo wenyewe. Unabaki mstari mwembamba ambao upande mmoja una upepo wa noti 10 hadi 15 kutoka mashariki, na upande wa pili noti 25 au 30 kutoka kaskazini-mashariki. Kwenye Bahari ya Karibi mistari ya namna hii hujitokeza msimu wa baridi, na ikigusa milima inayotazama kaskazini, kama ile ya Honduras, huleta mvua ya kutwa kucha.

Nguvu hiyo inatokana na mgandamizo mkubwa wa hewa unaoifuata fronti kwa nyuma. Na hapa tropiki ina hila yake. Nguvu inayopinda upepo kutokana na dunia kujizungusha hupungua unapokaribia ikweta, hivyo tofauti ileile ya mgandamizo hudai upepo mkali zaidi. Kwa hesabu za nadharia, mwinamo wa mgandamizo unaotoa noti 10 kwenye latitudo ya nyuzi 45 unalingana na noti 27 hivi kwenye nyuzi 15. Mtu aliyejifunza kusoma chati za Ulaya akiona mistari ya mgandamizo (ile inayounganisha mahali penye mgandamizo sawa) imeachana, atasema hakuna tatizo.

Baromita, kipima mgandamizo wa hewa, nayo inahitaji kusomwa kwa akili. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, hata hali ya hewa ikiwa nzuri: hufika juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ni milibari 2 hadi 3, ambayo yatosha kabisa kuificha fronti dhaifu. Dawa ni rahisi. Linganisha kipimo cha sasa na cha saa hiihii jana. Sioni sababu ya chombo chochote kwenda baharini bila daftari la kuandikia vipimo hivyo.

Sehemu nyingine ardhi yenyewe huongeza makali. Kusini mwa Mexico, kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec, milima imeachia pengo la upana wa kilomita 40 hivi. Hewa baridi iliyojazana upande wa Ghuba ya Mexico hupenya hapo na kutoka upande wa Pasifiki kwa noti 34 na zaidi, wakati mwingine kufikia nguvu za kimbunga, huku anga likiwa halina hata wingu. Upepo huo hufika mamia ya kilomita baharini. Hukoroga maji, maji baridi ya chini huja juu, na joto la uso wa bahari hushuka nyuzi kadhaa. Meli inayopita ufuo wa Pasifiki kwenye bahari laini hukutana nao ubavuni bila ilani yoyote ya macho.

Lakini hali ninayoihofia zaidi ni upepo kupingana na mkondo. Mkondo wa Agulhas, unaoshuka pwani ya mashariki ya Afrika Kusini ukibeba maji ya joto, unaweza kwenda kwa noti 4 na zaidi. Kabla ya fronti, upepo ni wa kaskazini-mashariki. Unafuatana na mkondo, na mawimbi yanakuwa mapana na mapole. Fronti ikipita, upepo hugeuka ghafla kusini-magharibi, uso kwa uso na mkondo, na mara nyingi mawimbi makubwa kutoka Bahari ya Kusini yako tayari njiani kuelekea huko huko. Wimbi likikutana na mkondo hufupika na kupanda, mgongo wake ukawa ukuta, na mbele yake kukawa na shimo ambamo omo ya meli huzama kabla haijapata nafasi ya kunyanyuka. Hatari kubwa iko nje kidogo ya ukingo wa sakafu ya bahari yenye kina kifupi kando ya bara, pale kina kinapozidi mita 200, na ndipo pale pale mkondo unapowavutia manahodha waendao kusini kwa sababu unaokoa mafuta. Fronti ikitarajiwa, sogea upande wa nchi kavu, kwenye kina kifupi zaidi, mradi pana nafasi salama. Kumbuka pia kwamba utabiri ukisema mita 4, huo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo.

Kuna na fronti zisizofika kabisa tropiki lakini zikatuma mawimbi yao. Katika kina kirefu, nishati ya mawimbi husafiri kwa noti ambazo ni mara moja na nusu ya kipindi chake kwa sekunde, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Kwa hiyo mawimbi ya sekunde 14 huenda noti 21, maili 500 za bahari kwa siku. Yenye kipindi kirefu zaidi hutangulia, na hutangulia yakiwa madogo, ndiyo maana watu huyapuuza. Boya la kupimia mawimbi likionyesha nusu mita kwa sekunde 17, mimi hulitilia maanani kuliko mita moja ya sekunde 6, hasa kama kuna chombo kitakachovuka lango la bandari lenye kina kifupi kesho yake.