Kocha wa michezo yote: cheo cha zamani katika vyuo vya Marekani

Kuanzia miaka ya 1890, haikuwa ajabu katika vyuo vya Marekani kumkuta mtu mmoja akifundisha karibu kila timu ya chuo. Vuli alikuwa na futiboli ya Kimarekani. Baridi ikibana, alihamia ukumbini kwenye mpira wa kikapu. Theluji ikiyeyuka, alishika besiboli na riadha. Mwalimu wa michezo wa sekondari zetu, anayepuliza filimbi ya netiboli na jioni hiyohiyo akapima miruko, anakupa nusu ya picha. Nusu nyingine ni cheo cha uprofesa, na hapo ndipo penye utamu.

Mwanzoni makocha wa kuajiriwa walikuwa wachache. Wanafunzi waliendesha timu wenyewe: nahodha alipanga kikosi, na wahitimu walirudi kumsaidia. Wengi waliona si heshima kumlipa mtu afundishe mchezo.

Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango. Rais wake, William Rainey Harper, alimwita Amos Alonzo Stagg, mwanafunzi wake wa zamani katika Chuo Kikuu cha Yale, akampa uprofesa mshiriki na kumkabidhi idara ya mazoezi ya mwili. Ulikuwa ujanja mzuri: kocha aligeuka mwanataaluma, na mshahara wake ukaacha kuwa aibu. Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa haba hata Stagg akaingia uwanjani kucheza pamoja na wanafunzi wake. Alifundisha futiboli hapo kwa miaka 41, na katika muda huo akashika pia besiboli, riadha, hata mpira wa kikapu kwa msimu mmoja.

Kwa nini michezo yote kwa mtu mmoja? Misimu ilifuatana bila kugongana sana, fedha zilikuwa kidogo, na mara nyingi vijana walewale ndio waliocheza kila mchezo. Zaidi ya hayo, kazi yenyewe ilihesabiwa kuwa elimu ya mwili kwa chuo kizima; timu zilikuwa sehemu yake tu.

Cheo cha uprofesa kilimpa mtu kinga ambayo makocha wa leo wangeionea wivu. James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts, alikwenda Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898 kusimamia elimu ya mwili pamoja na ibada za chuo. Timu yake ya kikapu ilishinda mechi 55 na kupoteza 60. Mbuni wa mchezo, na bado rekodi yake iko upande wa hasara! Hakuna aliyemtimua; alibaki Kansas akifundisha hadi alipostaafu mwaka 1937.

Kilichoiua kazi hii, kwa maoni yangu, ni viingilio. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyuo vilijenga viwanja vikubwa vya futiboli, na viwanja hivyo vilitaka watazamaji, watazamaji nao wakataka ushindi. Kocha wa futiboli akawa hana nafasi ya kushika besiboli, maana hata nje ya msimu alikuwa akisaka wachezaji. Uprofesa nao ukabaki jina tu, kisha ukatoweka.

Stagg mwenyewe aliondolewa na kanuni ya umri alipofika miaka 70. Akahamia California, kwenye College of the Pacific, akafundisha futiboli kuanzia 1933 hadi 1946. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 102, jina lake likiwa limeshaingizwa katika kumbi za heshima za futiboli ya vyuo na za mpira wa kikapu.

Siku hizi utamkuta mtu wa namna hiyo zaidi katika vyuo vidogo, na hata huko mara nyingi anabeba michezo inayofanana, kama mbio za nyika wakati wa vuli na riadha ya uwanjani wakati wa masika.