Serikali ikijiunga na kesi, siku za kukata rufaa huongezeka?

Serikali kujiunga na kesi ni hivi: kesi imefunguliwa na watu wengine, kisha serikali inaomba kuingia na kuwa mhusika kamili, mwenye haki ya kuleta hoja na ushahidi na kukata rufaa. Kuifuatilia kesi kwa karibu hakutoshi, wala kutuma wakili atoe maoni kama rafiki wa mahakama. Kwa baadhi ya nchi, tofauti hiyo huamua kama rufaa itasikilizwa au itatupwa.

Marekani ndiko jambo hili lilikojadiliwa kwa kina. Katika kesi za madai kwenye mahakama zao za shirikisho, anayekata rufaa ana siku 30. Serikali ya shirikisho ikiwa mhusika, yenyewe au kupitia idara yake, muda huwa siku 60. Siku hizo ni za kila aliye ndani ya kesi, hata anayeshindana na serikali. Zimeongezwa kwa kuwa uamuzi wa serikali kukata rufaa hupita ofisi nyingi kabla ya kutiwa sahihi.

Sasa, je, serikali ikiwa na maslahi kwenye kesi lakini haikujiunga? Sheria yao ya mwaka 1863 humruhusu raia kumshtaki aliyeilaghai serikali, kwa niaba ya serikali, naye hupata fungu la fedha zitakazorudishwa. Serikali hupewa muda wa kuamua kama itaingia. Irwin Eisenstein na wenzake waliushtaki mji wa New York kwa njia hiyo. Serikali ikakataa kujiunga, na kesi ikatupwa. Wao wakawasilisha notisi ya rufaa siku ya 54, wakiamini wana 60, kwani jina la Marekani lilikuwa juu ya kesi na fedha nyingi zingekwenda kwa serikali. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilisema serikali isiyojiunga si mhusika. Muda ulikuwa siku 30. Rufaa ikafa bila hoja zake kuguswa, na kwangu hilo ni adhabu kali mno kwa watu waliosoma jina la kesi jinsi lilivyoandikwa.

Mtu wa Amu au wa Malindi asizibebe hesabu hizo akaja nazo kwenye mahakama zetu za Kenya. Kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu bandari ya LAPSSET, mradi mkubwa wa uchukuzi unaoanzia Lamu, iliyoamuliwa mwaka 2018 kwa fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76, ilikuwa na Mwanasheria Mkuu, anayeiwakilisha serikali, kama mshtakiwa tangu mwanzo, wala kuwepo kwake hakukumwongezea yeyote siku. Kenya, katika kesi za madai, notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, serikali iwepo isiwepo. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30.

Nafuu yetu iko kwingine. Mahakama zetu zina uwezo wa kuongeza muda, zikipima urefu wa ucheleweshaji, sababu yake, na madhara kwa upande wa pili. Serikali nayo ikichelewa hupitia mlango huohuo na kutoa maelezo kama mtu mwingine. Halafu kuna siku za kusubiri nakala za mwenendo wa kesi zipigwe chapa, ambazo ndizo huwaponza wengi. Kumbukumbu kamili ya rufaa, yaani jalada lenye nyaraka za kesi, inatakiwa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Siku za kusubiri nakala zaweza kutohesabiwa, lakini kwa sharti: barua ya kuziomba iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na upande wa pili upelekewe nakala ya barua hiyo. Mwulize wakili wako kama ameituma, na umwombe uione.