Dola Kuu Haitawali Dunia Bila Ndiyo ya Washirika

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa nguvu za Marekani zinatoka wapi, huanza kuhesabu silaha: manowari 11 za kubeba ndege, makombora ya nyuklia, bajeti ya ulinzi isiyo na mfano. Hawajakosea. Ila sehemu kubwa ya utafiti wangu nimeitumia kufuatilia kitu ambacho hakionekani kwenye hesabu hiyo, nacho ni ruhusa ya washirika. Kituo cha anga cha Marekani cha Ramstein kiko Ujerumani. Kikosi cha Saba cha wanamaji wa Marekani kina makao yake Yokosuka, Japani. Askari aliyejeruhiwa Iraq alipelekwa kwanza hospitali ya Landstuhl, Ujerumani tena, ndipo arudishwe kwao.

Ruhusa hiyo huonekana thamani yake siku inaponyimwa. Machi 1, 2003, Bunge la Uturuki lilipigia kura ombi la Marekani la kupitisha makumi ya maelfu ya wanajeshi kuingia Iraq kutokea kaskazini. Kura za ndiyo zilikuwa 264, za hapana 250, na wabunge 19 hawakuegemea upande wowote. Ndiyo zilikuwa nyingi, lakini kanuni ilidai zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, yaani 267. Zilipungua kura tatu. Wakati huo meli zenye zana za Divisheni ya Nne ya jeshi la Marekani zilikuwa zinasubiri Mediterania. Ikabidi zizunguke kupitia Suez hadi Kuwait. Kaskazini wakashushwa askari wa miamvuli karibu elfu moja, wakapigana bega kwa bega na Wakurdi.

Wapo watakaosema vita vilipiganwa hata hivyo. Kweli, lakini mpango mzima wa kuingia kutoka pande mbili uliparaganyika kwa sababu ya kura tatu katika bunge la nchi nyingine.

Kwenye fedha hali ni ileile. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, akiba ya benki kuu ya Urusi ya takriban dola bilioni 300 ilizuiwa. Sehemu kubwa haikuwa Marekani. Ilikuwa Ulaya, hasa katika Euroclear, taasisi ya kutunza hati za fedha mjini Brussels. Washington ingechukua hatua peke yake, ingeshika sehemu ndogo tu.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko Veldhoven, Uholanzi. Huko ndiko iliko ASML, kampuni pekee duniani inayotengeneza mashine za kuchora chipu za kisasa kabisa kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri, usioonekana kwa macho. Ndani ya mashine, matone ya bati iliyoyeyuka hupigwa kwa leza, matone kama 50,000 kila sekunde, ili kutoa mwanga wa nanomita 13.5, kisha vioo vya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani huuelekeza. Oktoba 2022 Marekani ilitangaza vizuizi vikali vya kuiuzia China teknolojia ya chipu. Vingevuja kama Uholanzi na Japani zingeendelea kuuza mashine zao bila masharti. Mwaka 2023 nchi zote mbili ziliweka vizuizi vyao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaita washirika mzigo. Hata kwa fedha taslimu tu, vita vya Ghuba vya 1991 viliigharimu Marekani kiasi cha dola bilioni 61, na washirika walichangia karibu 54.

Lakini washirika hawatoi kwa hisani. Septemba 1991, Seneti ya Ufilipino ilikataa kwa kura 12 dhidi ya 11 mkataba wa kuendeleza kambi ya wanamaji wa Marekani ya Subic Bay, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka. Baadaye mvutano na China katika Bahari ya China Kusini ukapamba moto. Mwaka 2012 Manila ikapoteza udhibiti wa miamba ya Scarborough, iliyo katika bahari hiyo, kwa China. Mwaka 2014 ikasaini makubaliano mapya ya kuwapokea wanajeshi wa Marekani, na 2023 ikawafungulia vituo vinne zaidi, vitatu vikiwa kaskazini, upande unaoelekea Taiwan.