Kujaza tenki full wakati wa joto hakulipui gari

Joto la Januari na Februari likishika hapa Tanga, ile meseji inarudi kwenye magrupu: msijaze mafuta full, jazeni nusu, joto limezidi tenki litalipuka. Jamani, sio kweli.

Petroli ikipata joto inatanuka, hilo sawa, ila kidogo sana, lita 40 zikipanda joto nyuzi 10 haziongezeki hata nusu lita, na tenki limetengenezwa na nafasi ya hiyo nyongeza. Halafu petroli kuwaka yenyewe bila cheche inataka joto la zaidi ya nyuzi 200, gari hata lishinde juani pale Kange kutwa nzima halifiki huko.

Angalia kitabu cha gari lako, sehemu ya mafuta. Na pale sheli pampu ikijikata yenyewe basi, usimwambie kijana aongeze.

Watu wanachanganya kwa sababu kuna ukweli umechanganywa humo, mvuke wa petroli unashika moto haraka sana, ndo maana sigara sheli ni marufuku, na pikipiki ukiijaza mpaka mfunikoni ukaiacha juani inaweza kuvujisha. Lakini hiyo ni kupitiliza, na nusu tenki haikukingi na cheche, mvuke bado umo.

Ikikufikia usiifowadi tafadhali, aliyeituma mweleze kwa upole, hasa kwenye magrupu ya bodaboda, maana mtu anaogopa kujaza halafu anakatikiwa mafuta usiku njia ya Pangani na abiria mgongoni.