Cowsay ni nini? Ng'ombe anayesema ndani ya terminali

Cowsay ni programu ndogo ya terminali, yaani sehemu ya kompyuta unayoandikia amri badala ya kubofya, na ina kazi moja tu: unaipa maneno, nayo inakuchorea ng'ombe akiyasema. Hakuna dirisha linalofunguka wala picha inayopakiwa. Ng'ombe mwenyewe ni alama za kawaida za kibodi, mabano, vistari na mikwaju (/ na \), zilizopangwa mpaka zikafanana na mnyama. Tony Monroe aliiandika kwa lugha ya Perl mwaka 1999, na hadi leo imo kwenye hazina ya programu ya Debian na Ubuntu, aina mbili za mfumo wa Linux.

Kwa kawaida haitembei peke yake. Mwenzake wa kwanza ni fortune, programu inayookota msemo wowote kutoka kwenye faili na kuutoa. Hiyo ni kongwe zaidi, ilikuwemo katika toleo la 7, la mwaka 1979, la Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux iliufuata. Wa pili ni lolcat, anayepaka maandishi rangi za upinde wa mvua. Ukiwa Kisumu umeshaona kitu cha aina hii: tuktuk yenye mchoro na msemo mgongoni, ila hii hubadilisha msemo kila ikipita.

Kwenye Ubuntu zote tatu huingia kwa amri moja:

sudo apt install cowsay fortune-mod lolcat

Asiye na laptopu anaweza kumpata ng'ombe kwenye simu ya Android kupitia Termux, programu inayoleta terminali kwenye simu, kwa kuandika pkg install cowsay. Ikiwa Debian inakwambia amri haipo ilhali umeiweka, andika /usr/games/cowsay. Programu za mchezo hukaa kwenye folda yao, na mtumiaji mkuu, root, mara nyingi haonyeshwi folda hiyo.

Sasa tumpe methali inayomhusu. Anayeandika Kiswahili hukwama hapa mapema, kwa sababu ya ritifaa. Ukiandika cowsay Ng'ombe wa maskini hazai kisha ubonyeze Enter, ng'ombe hatokei. Inatokea alama ya > na kompyuta inatulia tuli. Haijaharibika. Bash, programu inayosoma amri unazoandika, imeichukulia ritifaa ya "ng'" kuwa mwanzo wa nukuu, na inakusubiri uifunge. Bonyeza Ctrl na C, kisha uyazungushie maneno alama za usemi:

cowsay "Ng'ombe wa maskini hazai"

```
 __________________________
< Ng'ombe wa maskini hazai >
 --------------------------
        \   ^__^
         \  (oo)\_______
            (__)\       )\/\
                ||----w |
                ||     ||
```

Macho yale mawili, oo, yanabadilika: -d humfanya ng'ombe maiti kwa macho ya XX na ulimi nje, -t humchosha, -g humtia tamaa ya pesa kwa macho ya dola. Ukitumia cowthink badala ya cowsay, maneno yanakuwa mawazo. Kwa -f unabadilisha mnyama kabisa, na cowsay -l inakuorodheshea waliopo.

Uzuri wenyewe unaanza unapoziunganisha kwa mstari wima, ile paipu:

fortune | cowsay | lolcat

Fortune inatoa msemo, lakini badala ya kwenda kwenye skrini msemo unaingia kwa cowsay. Cowsay inauzungushia kiputo na kuweka ng'ombe chini yake. Lolcat inapokea mchoro mzima na kuupaka rangi. Hakuna inayojua habari za mwenzake. Unix yote imejengwa hivyo, programu ndogondogo zinazopokezana maandishi, na sijaona mfano unaomwelewesha mwanafunzi wa Maseno au wa Kakamega haraka kama huu. Mwambie ageuze mpangilio: fortune | lolcat | cowsay. Rangi zitapotea. Lolcat huangalia kama inaandika kwenye skrini, na ikiona inamwandikia programu nyingine huacha rangi. Ukiilazimisha kwa lolcat -f, kiputo kinapanuka ovyo, kwa kuwa cowsay inazihesabu alama za rangi kama herufi.

Maana rangi nazo ni maandishi. Ni herufi za siri zinazotangulia neno: alama ya Escape ikifuatwa na [31m huifanya terminali iandike kwa rangi nyekundu, na [0m huirudisha kawaida. Ndiyo siri pia ya ponysay, binamu wa cowsay anayechora farasi wadogo wa katuni. Yeye hatumii mikwaju. Anatumia alama ▀, ambayo hujaza nusu ya juu ya nafasi ya herufi moja, hivyo nafasi hiyo inabeba rangi mbili, moja juu na nyingine chini. Picha hutoka laini ajabu. Mimi bado nampenda ng'ombe wa mikwaju.

Misemo inayokuja na fortune kwenye Ubuntu ni ya Kiingereza, na vichekesho vyake vingi havichekeshi huku kwetu. Andika yako. Fungua faili uliite methali, weka kila methali kwenye mstari wake, na kati ya moja na nyingine weka mstari wenye alama ya % peke yake, bila nafasi kabla wala baada. Kisha andika strfile methali, amri ambayo hutengeneza faharasa iitwayo methali.dat, na fortune ./methali itaanza kukuchagulia. Hata mchoro unaweza kuwa wako: kila mnyama ni faili la .cow, na mtu wa Shinyalu hana sababu ya kukosa fahali wa mpambano. Kumbuka tu kwamba ndani ya faili hilo kila mkwaju wa nyuma huandikwa mara mbili.

Wengi huishia kuiweka amri ile ndefu ndani ya .bashrc, faili ambalo Bash hulisoma kila inapoanza, ili ng'ombe awasalimu kila wakifungua terminali. Kwenye laptopu yako, sawa. Kwenye seva, hapana, au uhakikishe iko chini kabisa ya faili, baada ya mistari inayoangalia kama kuna mtu kwenye kibodi. Vinginevyo scp na rsync, programu za kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, zitapokea ng'ombe pale zilipotarajia data, na faili lako halitafika. Wanaotumia Ansible, programu ya kusimamia kompyuta nyingi kwa pamoja, nao wajue kwamba ikikuta cowsay kwenye mashine, huanza kuripoti kila hatua kwa mdomo wa ng'ombe. Dawa yake ni export ANSIBLE_NOCOWS=1.